Ubao wa Mbele

Jumatatu asubuhi
kaja kijana Swalihi:
"Fundi Shee, nakusihi,
njoo upesi ngomeni."

Nikaiacha patasi,
mlango wa Idarusi
umebaki robo, basi,
nikashuka barazani.

Mezani imelalishwa
kama maiti kuoshwa,
bunduki iliyochoshwa
na vita vyake zamani.

Polisi wameikata
sindano yake ya vita;
hata sasa ukivuta,
husikii kitu ndani.

"Mwenyewe ni wa Malindi,
kibali anacho, fundi;
hukusanya, ye hawindi,
huziweka sebuleni."

Miwani, mvi, na suti,
mkononi ana cheti,
chaitaja kila nati:
huyo ni Bwana Jiwani.

"Kila kitu ni asili
ya vita vile vya pili,
haina hata dalili
ya mkono wa jirani.

Chuma nimeona mno,
wewe nipe lako neno
la mbao, tena la wino,
nilitie kitabuni."

Nikaanza na nambari
za chuma, nikakariri:
mtutuni ni sifuri,
saba, moja, themanini.

Komeo lasema tano
na sita, si mfanano;
sikutamka maneno,
akakohoa pembeni.

Muhuri wa taji upo,
kutu pale, kutu hapo,
na mifuo ingalipo,
inazunguka mtutuni.

Kitako nikakinusa:
hakijaonja msasa,
ni mjozi, mti hasa
wa huko ughaibuni.

Hapo mtu liegesha
shavu, kisha akakesha,
jasho likaung'arisha
kuliko nta ya dukani.

Ila ubao wa mbele,
rangi ni moja na ule;
nikatia kucha pale,
ikavunjika nchani.

Bambakofi! Naujua,
ndio ulionilea,
harufu naitambua
hata nikiwa gizani.

Uzunguni hauoti,
hufanywa milango, viti,
na haukupewa hati
ya kujiunga jeshini.

Nikaomba bisibisi,
pete mbili kwa upesi
zikatoka, na nafasi
ikafunguka kwa ndani.

Ndani yake mfereji,
na nyayo za mchongaji,
zimepinda kama maji
kuelekea shotoni.

Mafundi wote wa Lamu,
kulia ndiyo hukumu;
mmoja tu, marehemu
Babu Bunu wa Langoni.

Kwa kulia alikula,
kwa kulia alilala,
lakini patasi, wala!
Shoto, tangu utotoni.

Nami nikimwiga shoto
kofi lilikuwa moto:
"Hii ni yangu, mtoto,
wewe tumia yamini."

Ni nani, tarishi, keya,
aliyevunja vibaya,
kisha akaja kwa haya
kwa fundi wa mtaani?

Alilipa senti ngapi?
Kile kipande ki wapi?
Jibu mbao hainipi,
wala cheti cha mezani.

Nikaandika kwa wino:
"Kitako hakina neno.
Mbele: kazi ya mkono
wa Lamu, si kiwandani."

Akasoma, akanuna:
"Nusu ya bei hapana!
Kitupwe! Nina kijana,
ataagiza Londoni.

Mjozi wa mwaka ule
na muhuri uleule,
tukiupachika pale
itakuwa ya yakini."

Akauliza nataka
ngapi; noti kazishika.
Nikasema, "Hiyo taka
nifungie gazetini."

Njiani nikapishana
na punda wa mawe, wana;
kwapani nimeibana,
na nani angebaini?

Mke wangu Mwanamize:
"Mwiko gani, nieleze;
sufuria niongeze?
Una karamu ya nani?"

Sikujibu. Nikakaa,
patasi nikaitwaa,
nyayoni ikatambaa
nikiishika shotoni.